Mtutu wa Munir: Mashuka Mawili Machimboni

Basi Inspekta Wakil akaivuta ile kamba.

Najua wiki nzima mmenisema kwa kukatia hapo. Mmoja wenu kanikamata Darajani, mfuko wa ndimu mkononi, akaniuliza kama nina roho ya kibinadamu. Ninayo, bibi wee. Tena wiki hii utaniomba nisiendelee.

Kamba ilivutwa, bunduki ikalia, kunguru wa machimboni wakaruka wote kwa mpigo, na vumbi jeupe la mawe likawafunika watu watatu hata wasionane.

Na wewe uliyelipata gazeti hili leo tu, limefungiwa maandazi, usitaabike. Nakukusanyia habari kwa mkupuo mmoja. Munir, kijana wa Chwaka, alikwenda kuwinda nguruwe wanaomaliza mihogo ya watu kule maweni. Akafyatua. Nguruwe akakimbia zake mzima, na marisau, vile vijirisasi vidogo vinavyotoka kundi zima kwa mfyatuo mmoja, yakampata Simai, msasi mwenzake, aliyesimama mbali upande wa kulia.

Simai ni ndugu yake wa kunyonya. Lakini siku chache kabla ya hapo walikuwa wamegombea mpaka wa shamba mbele ya watu, na Munir alisema kwa mdomo wake mwenyewe, "Utaniona." Sasa Simai yuko hospitali hajazindukana. Munir yuko rumande. Mkewe Mardhiya, mtoto wa Jang'ombe aliyeolewa shamba, ana mimba changa na usingizi umemhama.

Polisi walishikilia neno moja. Bunduki ile, walisema, marisau yake hutoka yameshikana. Kama yamempata Simai, basi Simai ndiye aliyelengwa. Munir akaapa kwamba alilenga nguruwe. Ndiyo maana bunduki yenyewe ikaletwa kwenye machimbo haya ya zamani, ukishapita Kiembe Samaki, ikafungwa juu ya matairi yaliyojazwa mchanga, na kamba ndefu kwenye kifyatulio, ili ijibu yenyewe.

Vumbi lilipotua, Mardhiya alikuwa ameshaanza kukimbia, buibui kalishika mkononi.

Mashuka mawili yalikuwa yametundikwa kwenye ukuta wa mawe, kila moja na duara la mkaa katikati. La kwanza lilikuwa limepigwa kwa bunduki ya polisi ya aina ileile. Matundu yake yote yalikusanyika ndani ya duara, ungeweza kuyafunika kwa sinia ya chai.

La pili ndilo lililopigwa kwa bunduki ya Munir.

Duara lilikuwa karibu tupu. Matundu yalitapakaa shuka zima, machache huku, machache kule, na mengi yalikimbilia ukingo wa kulia. Mengine yalilikosa shuka kabisa yakabandua mawe pembeni.

"Afande!" Mardhiya alipiga ukelele. "Njoo utazame! Njoo utazame kwa macho yako! Alilenga kati, yakenda kulia! Si ndivyo alivyosema? Si ndivyo alivyosema mume wangu?"

Inspekta alifika akihema. Nyuma yake akaja Mzee Hasanali, fundi wa bunduki wa Mji Mkongwe, mtu ambaye hajapata kusifiwa na yeyote zaidi ya anavyojisifu mwenyewe. Alikuwa ameikumbatia bunduki kama mtoto.

"Mimi nliwaambia," alisema Hasanali. "Nliwaambia au sikuwaambia?"

"Ulituambia mtutu umekatwa, mzee," Inspekta alimkumbusha. "Naona haujakatwa."

Hasanali akakohoa. "Nlikosea," alisema, kama anayemeza kwinini. "Hebu nisikilizeni basi. Bunduki ya marisau haitawanyi ovyo bila ya sababu. Risasi ikila unyevu, baruti haiwaki sawasawa. Mtutu ukikatwa, lile bano la mwisho, pale mdomo unapokaza marisau yatoke pamoja, linaondoka, marisau yanatoka kama kuku waliofunguliwa banda. Mdomo ukigongwa ukaharibika, moto unatokea upande mmoja na unayasukuma marisau upande wa pili. Sasa tia kidole hapa, binti."

Mardhiya akatia kidole. Karibu na mdomo wa mtutu chuma kilikuwa kimetuna kwa duara, kama pete iliyovishwa kwa ndani. Upande mmoja wa ile pete palikuwa na ufa mwembamba wa kukata ngozi.

"Umevimba," alisema Hasanali. "Kitu kiliziba njia. Risasi imekuja kwa nguvu zake zote, imekuta kizuizi, haina pa kwenda, chuma kikatanuka. Mtutu kama huu hata nikiushika mimi, siwezi kupiga nyumba nikiwa ndani yake."

"Basi Munir hana kosa!"

Machozi yalimtoka Mardhiya bila ya kuyaficha. Furaha ilimjaa. Alishaanza kupanga nani atamjulisha mama mkwe, na nini atampikia Munir siku atakayotoka. Masikini Mardhiya. Angejua, asingeanza na chakula.

Inspekta Wakil hakufurahi naye. Alikuwa akiutazama ule uvimbe.

"Umevimba lini, mzee?"

"Vipi lini?"

"Siku ile ile, au kabla? Kama ulivimba zamani, na Munir akijua kuwa bunduki yake inatupa kulia, basi alikuwa na silaha ambayo mimi sijapata kuiona. Unalenga nguruwe mbele ya mashahidi, unampiga mtu, halafu unalia naye. Hakimu atamuuliza hivyo hivyo."

Mardhiya akamshika fundi mkono.

"Mzee Hasanali, mwambie! Mwambie umevimba siku ile!"

Hasanali aliugeuza mtutu juani, akaugeuza tena, na kwa mara ya kwanza tangu mfululizo huu uanze akakosa la kujisifia. "Kutu imeshaingia kwenye ufa," alisema. "Ghala lenu la ushahidi linavuja, afande, msinilaumu. Kutu haina tarehe."

Kisha akachomoa waya mfukoni, akaukunja ncha, akaanza kuchokoa ndani ya ufa. Akachokoa, akatukana kwa Kihindi, akachokoa tena. Waya ukatoka na kitu.

Kilikuwa kipande cha kitambaa kisichozidi ukucha, cheusi, kimeungua pembeni.

"Hicho hapo!" Hasanali aliruka. "Tambara la kusafishia! Kasafisha, kasahau kulitoa. Wajinga wangapi wamepoteza vidole namna hiyo!"

Inspekta akakiweka juu ya kiganja chake, akakisogeza karibu na macho.

"Tambara la kusafishia linashonwa, mzee?"

Kweli. Katikati ya kile kitambaa mlikuwa na uzi mwekundu, umeshonwa kwa kukingamana.

Mardhiya alikiona, na hapo hapo mkono ukamwenda kiunoni.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na chake Mardhiya kilikuwa nguoni hasa. Chini ya buibui, kiunoni, alikuwa amefungwa hirizi kwa ajili ya ile mimba. Kaniki nyeusi, uzi mwekundu, mshono wa kukingamana. Mshono ule Chwaka nzima una mwenyewe mmoja, naye ni Bi Mwanapili, mama mzazi wa Munir.

Tena akakumbuka na jengine. Alfajiri ya siku ile ya mawindo, Munir akiwa msikitini, Mardhiya alimwona mama mkwe akitoka chumba kinachowekwa bunduki. Alidhani kafuata mkeka.

"Unakijua hiki, Bi Mardhiya?" Inspekta aliuliza.

"Sikijui."

Msimlaumu upesi. Mardhiya aliijua Chwaka. Neno likitoka kwamba hirizi ya Bi Mwanapili ndiyo iliyopeleka marisau kifuani kwa Simai, hakuna atakayezungumza habari za chuma kuvimba. Watasema mchawi. Na mwanamke akishaitwa mchawi kijijini kwake, hata maji ya kisimani hachoti tena kwa amani.

Inspekta alikitia kile kitambaa kwenye mfuko wa plastiki. Sauti yake ikalegea kidogo. "Mimi si adui yako. Nipatie mtu mmoja aliyeona kitambaa hiki kimeingiaje. Mtu wa kusimama aseme kilitiwa siku ile na Munir hakujua. Nikimpata, hakuna tena kesi ya kukusudia. Nisipompata, mwendesha mashitaka atasema Munir kakitia mwenyewe zamani, akaujaribu mtutu, akaujua unakotupa."

Simu yake ikalia. Akaisikiliza, akaizima.

"Innalillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema Inspekta. "Simai amefariki."

Hasanali akavua kofia yake.

"Sasa si kujaribu kuua tena," Inspekta aliendelea, naye hakumtazama Mardhiya usoni. "Sasa ni kuua. Adhabu yake unaijua."

* * *

Mardhiya alifika Chwaka kabla ya sala ya alasiri. Nyumbani kwa Simai wanawake walishajaa, vilio vinasikika mpaka njiani. Bi Mwanapili hakuwemo. Alikuwa uani kwake peke yake, kakaa juu ya mkeka, kanga kajifunika kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Khabari unayo?"

"N'nayo."

"Nimemnyonyesha mimi," Bi Mwanapili alisema. "Mama yake alikuwa na homa, maziwa yamekatika. N'kimpakata huku huyu, huku Munir. Hawajui kugombana wale. Wamejifunza ukubwani."

Mardhiya hakujua pa kuanzia. Basi hakuanza kwa maneno. Aliingiza mkono kiunoni, akaifungua ile hirizi, akaiweka juu ya mkeka baina yao.

"Mama. Nyengine kama hii iko wapi?"

Nilidhani bibi atakataa. Hata nyinyi mlidhani. Lakini Bi Mwanapili alijibu kama aliyeulizwa ilipo chumvi.

"N'liitia kwenye mdomo wa bunduki. Alfajiri ile, Munir kenda kusali."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu mwanangu akirudi mikono mitupu kila Jumapili! Simai akimcheka barazani, ati bunduki ya baba, mkono wa bibi. Ukagombewa ule mpaka wa shamba, mimi n'najua asili yake ni kile kicheko. N'kasema n'mtilie kinga, shabaha yake isende kombo. Babu yake akitiliwa hivyo hivyo na mama yake, na hakuna nguruwe aliyempita."

"Babu yake alikuwa na bunduki gani?"

"Gobori."

Mardhiya alifumba macho. Gobori hupakiwa kwa mdomo. Baruti hupita mdomoni, risasi hupita mdomoni, vyote vikashindiliwa kwa mti mrefu. Msasi wa zamani aliikuta hirizi pale pale kila alipotaka kupakia, akaichomoa, akaibusu, akaivaa shingoni. Bunduki ya Munir hukunjwa kati ikapakiwa kwa nyuma. Mdomo wake hakuna anayeutazama.

"Hakuiona, mama," alisema Mardhiya. "Bunduki hii haipakiwi kwa mbele. Kaipakia kwa nyuma, kaenda nayo, kaifyatua hirizi imo ndani."

"Sasa?"

"Imeziba njia. Mtutu umevimba. Yeye kalenga nguruwe, marisau yakenda kulia."

Bi Mwanapili aliiokota ile hirizi mkekani. Ukaja upepo, ukaleta kilio cha wanawake wa kwa Simai, ukakirudisha. Kisha akauliza kwa sauti ndogo sana:

"Hirizi yangu ndiyo iliyomuua Simai?"

Kuna wakati uongo ni sadaka, na Mardhiya alitamani sana kutoa sadaka ile. Lakini kulikuwa na mtu rumande.

"Ndiyo iliyoyatawanya marisau, mama."

Kizee yule hakulia kwa sauti. Alijipiga kifua mara moja tu, pale pale alipowanyonyeshea watoto wawili, na Mardhiya akamkumbatia, wakatikisika pamoja. Mimi mwenyewe niliweka kalamu chini nilipofika hapa.

Alipojinasua, Bi Mwanapili alikuwa ameshasimama.

"Nipe buibui langu."

"Mama, watakuita mchawi."

"Na waniite. Nshamuua wa kumnyonyesha. Sitomuua na wa kumzaa."

* * *

Chumbani kwa Inspekta Wakil, mjini, palikuwa na meza, viti vitatu, na mtu ambaye Mardhiya hakutegemea kumkuta.

Munir alikuwa amekaa, pingu mikononi. Amekonda, ndevu zimemjaa. Alipomwona mkewe uso ulimng'aa. Alipomwona aliyekuja nyuma ya mkewe, ule mng'aro ukazimika.

"Mmechelewa," alisema Inspekta.

"Tumechelewa vipi?" Mardhiya aliuliza. "Shahidi uliyemtaka huyu hapa, n'nakuletea!"

"Mumeo kakiri."

Mardhiya aliikaribia meza.

"Kakiri nini?"

"N'limwonyesha kile kitambaa. Kakitazama sana. Kaomba maji, kanywa. Halafu kasema kakitia mwenyewe siku nyingi, akaujaribu mtutu akaujua unavyotupa, na Simai alimkusudia." Inspekta alilisukuma jalada mezani. "Bado hajatia saini. Alikuwa anataka kutia."

Munir kautambua mshono wa mama yake! Kautazama sana, na kabla glasi ya maji haijesha alikuwa ameshaamua kufa badala ya mama yake kuitwa mchawi.

"Muongo!" Bi Mwanapili alipaza sauti. "Muongo mtoto huyu, bwana! Mimi ndiye n'liyeitia! Mimi, kwa mkono huu, alfajiri, na yeye hana habari!"

"Afande, usimsikilize," alisema Munir bila ya kumtazama mama yake. "Mtu mzima. Msiba umemchanganya. Anasema chochote ili n'toke."

"Munir!"

"Mama, nyamaza."

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kumwambia mama yake neno lile.

Inspekta alishika kichwa. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," alisema taratibu. "Bi Mwanapili, mimi binafsi nakuamini. Lakini mahakama itasema mama gani asiyekubali kusema uongo kwa mwanawe? Huyu anakiri, wewe unakiri. Nahitaji mtu wa tatu." Akamgeukia Mardhiya. "Wewe ulikuwepo nyumbani alfajiri ile. Asubuhi machimboni ulinambia hukijui kitambaa hiki. Nakuuliza mara ya pili, na ya mwisho. Uliona nini?"

Wote watatu wakamgeukia.

Bi Mwanapili alimwomba kwa macho aseme. Munir alitikisa kichwa, polepole, kulia na kushoto.

"Mardhiya," alisema Munir.

"Naam."

"Mama yangu hatotemewa mate Chwaka na mimi n'ko hai. N'sikilize vizuri, na afande awe shahidi. Ukitoa neno moja juu ya mama yangu chumbani humu, neno moja tu, umeachika. Talaka tatu."

Kalamu ilimtoka Inspekta ikagonga sakafu. Bi Mwanapili akakaa juu ya kiti kama aliyekatwa miguu. Talaka tatu haina kesho kutwa, haina wazee wa kwenda kusuluhisha, haina nirudie. Na Munir hakusema kwa hasira. Aliisema huku anamtazama mkewe kwa mapenzi yale yale ya siku ya harusi, na hilo ndilo lililomkata Mardhiya maini.

Akinyamaza, Munir ni mumewe. Atabaki mumewe mpaka siku watakayomtia kitanzi.

Akisema, Munir ataishi. Atatembea, atacheka, atamlea mtoto huyu akiletewa Ijumaa kwa Ijumaa. Lakini hatofungua tena mlango wa nyumba yake akamwita.

Mardhiya alimtazama. Aliutazama uso ule, zile ndevu zisizonyolewa, kovu la utotoni juu ya nyusi, kama mtu anayetazama nyumba kabla ya kuhama. Alimpenda. Hakupata kumpenda namna ile hata siku moja.

"Mardhiya, usi..." Munir alianza.

Mardhiya akainama, akaiokota kalamu sakafuni, akaiweka mkononi mwa Inspekta. Kisha akavuta kiti akakaa.

"Andika, afande," alisema. "Alfajiri ile, aliyekuwa mume wangu alikwenda msikitini."